Diski Inakufa, Windows Isife Nayo

Swali hili halikomi. Analiuliza karani wa ghala la madini pale Mutoshi, analiuliza mwalimu mwenye alama za darasa zima, mama mwenye kibanda cha kuchapa na kutoa fotokopi, na mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kolwezi anayemalizia kazi yake ya mwisho. Laptopu imekuwa nzito, inaganda, na ndani kuna mlio mdogo wa tik-tik. Fundi ameiangalia akasema: "Nunua diski mpya, nitakupigia Windows upya." Mwenye mashine anabaki na wasiwasi. Programu ya hesabu aliwekewa na mtu ambaye amekwisha kuhama mji. Printa ilichukua siku nzima kukubali. Je, yote yaanze upya?

Hapana. Diski inaweza kubadilishwa, na ukiwasha mashine utakuta Windows ile ile, picha ile ile ya skrini, programu zako zote mahali pake. Kazi yenyewe ni kunakili diski nzima kama ilivyo kwenda kwenye diski mpya, kisha kuzibadilisha. Ila kuna utaratibu mmoja ambao sitaki mtu auvunje: nakili kwanza, tengeneza baadaye, tena utengeneze kwenye diski mpya.

## Kwanza hakikisha mgonjwa ni diski

Laptopu nzito si lazima iwe na diski mbovu. Vumbi la barabara zetu huziba feni, mashine inapata joto, na mashine yenye joto hujipunguzia kasi. Pitisha hewa kwenye feni kwanza. Kisha pakua CrystalDiskInfo, programu ndogo ya bure, uifungue uangalie mistari hii:

- 05: sekta ambazo diski imezikataa na kuweka nyingine mahali pake.
- C5: sekta ambazo diski inashindwa kuzisoma na bado haijaamua la kufanya.
- C6: sekta ambazo zimeshindikana kabisa.
- C7: makosa ya mawasiliano. Huu ukipanda peke yake, shuku waya au kiunganishi kabla ya diski.

Rangi ya buluu ni heri, njano ni onyo, nyekundu ni hatari. Ukiona C5 inaongezeka kati ya leo na kesho, usingoje kesho kutwa.

Na kama diski inagonga kwa nguvu, au BIOS haiioni kabisa, makala hii haitakusaidia. Hapo sehemu za ndani zimevunjika, na kila unapoiwasha unazidi kukwaruza sahani zake. Zima, weka pembeni, na uamue kama data hizo zinastahili gharama ya maabara yenye chumba kisicho na vumbi.

## Mambo ya kuacha leo hii

- Usiendeshe `chkdsk /r`. Amri hii huipitisha diski sekta kwa sekta na kuandika juu yake. Diski yenye afya inastahimili. Iliyo mahututi inaweza kufia hapo hapo.
- Usifanye defragi.
- Usiiweke kwenye friji. Ushauri huo ni wa zamani, na unyevu utakaoganda ndani utaiharibu zaidi.
- Usifungue kifuniko cha diski, hata kwa dakika moja, hata kama fundi anasema amezoea.
- Usiibebe laptopu kwenye pikipiki ikiwa imefungwa kifuniko tu. Mashine iliyolala inaweza kuamka ndani ya mkoba, diski ikazunguka huku barabara inairusha. Izime kabisa.

Najua pingamizi litakalokuja: "Fundi wangu ameshatumia chkdsk mara nyingi na imesaidia." Imesaidia pale ambapo kosa lilikuwa kwenye mpangilio wa mafaili. Wewe hujui bado kosa liko wapi, na nakala ya diski nzima ndiyo itakayokupa ruhusa ya kujaribu bila hofu.

Kama mashine bado inawaka, nakili mafaili machache yasiyo na mbadala kwenye flashi: daftari la hesabu, kazi ya shule, picha za hati. Hayo tu, usianze na filamu. Kisha zima.

## Kununua: soma namba mara mbili

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Bidhaa zinafika Kolwezi kutoka Lubumbashi, kiasi cha kilomita 300, au kutoka Zambia kupitia Kasumbalesa, na kurudisha kitu kilichokosewa ni shida. Kwa hiyo angalia kabla ya kulipa.

Ukubwa. Diski mpya lazima iwe sawa na ya zamani au kubwa zaidi. Mtego ni huu: laptopu nyingi zina diski ya GB 500, na SSD rahisi zaidi dukani imeandikwa GB 480. Watu huona ni karibu sawa. Si sawa. Diski ya GB 500 ina baiti bilioni 500 na kidogo, na Windows huionyesha kama GB 465. Ile ya 480 Windows huionyesha kama GB 447. Nakala kamili haitaingia, na mkia wa diski utakatwa. Chukua ya 500, 512 au TB 1. Mtu atakuambia upunguze patisheni kwanza ili 480 itoshe. Inawezekana kwa diski yenye afya. Kwa diski inayokufa usikubali, maana kupunguza patisheni ni kuihamishahamisha data juu ya diski ile ile inayougua.

Umbo. Fungua laptopu uone kabla ya kwenda sokoni. Diski za kawaida ni za inchi 2.5 na kiunganishi cha SATA. Unene ni milimita 7 au 9.5, na nyembamba huingia kwenye nafasi ya nene ukiikaza vizuri. Laptopu mpya zaidi zina kijiti kiitwacho M.2. Kuna M.2 ya SATA na M.2 ya NVMe, zinafanana kwa macho na hazibadilishani. Piga picha ya lebo ya diski uliyonayo na uende nayo dukani.

Uhalisi. SSD ya TB 2 kwa bei ya GB 256 ni ya bandia. Imechezewa ijitangaze kubwa, na ikijaa kiasi chake cha kweli huanza kufuta ya mwanzo kimyakimya. Ijaribu ikiwa bado tupu: H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Linux, huijaza yote kisha huisoma. Ni saa kadhaa za kungoja. Afadhali ungoje. Na ukinunua iliyotumika, CrystalDiskInfo itakuonyesha saa ilizofanya kazi. Mwambie muuzaji ukweli kwamba utaangalia mbele yake.

Vingine vya kuwa navyo mezani:

- adapta ya SATA kwenda USB, au kasha la USB la M.2, la kuishika diski mpya;
- flashi mbili: moja ya kuwashia mashine, nyingine ya kutunzia ramani (nitaeleza);
- bisibisi ndogo inayolingana na skrubu zako;
- betri yenye chaji kamili.

## Umeme ndio utakaoamua

Mabwawa ya Nzilo na Nseke yako hapa hapa kwenye mto Lualaba, yamejengwa tangu miaka ya 1950, na bado nyumbani kwetu taa zinazimika bila taarifa. Ushauri mwingi wa kunakili diski umeandikwa na watu ambao umeme wao haukatiki. Usiufuate kichwakichwa.

Fanya hesabu. Kunakili GB 500 kwa mlango wa USB 3, kwa kasi ya MB 100 kwa sekunde, ni kama saa moja na nusu. Kwa mlango wa USB 2, wenye MB 30 hivi, ni zaidi ya saa nne na nusu. Hiyo ni kwa diski yenye afya. Inayougua inaweza kukwama kwenye sehemu mbovu na kuendelea usiku kucha. Betri ya laptopu iliyozeeka haifiki huko.

Ndiyo maana nachagua programu kwa kigezo kimoja: umeme ukikatika katikati, je, itaendelea ilipoishia? Clonezilla na Rescuezilla ni programu nzuri, za bure, zina menyu, na huwa za haraka kwa sababu hunakili sehemu zenye data tu. Lakini zikikatika, unaanza mwanzo, na diski yako mbovu inasomwa yote kwa mara ya pili. GNU ddrescue huandika ramani ya kila ilichokwisha kukisoma. Umeme ukirudi unarudia amri ile ile, nayo inaendelea. Inachukua kwanza sehemu nzima zinazosomeka upesi, sehemu ngumu inaziacha mwisho. Kwa Kolwezi, kwa diski mbovu, ni ddrescue.

Kama una inveta yenye betri, itumie. Jenereta isiyo na stabilaiza usiichomeke moja kwa moja kwenye chaja. Na miezi ya mvua, radi zikianza, chomoa chaja uache betri ifanye kazi, au simamisha kazi kwa Ctrl+C, ramani inabaki.

## Maandalizi ndani ya Windows

Kama Windows bado inawaka, fanya haya mawili tu.

1. Tafuta ufunguo wa BitLocker. Laptopu nyingi za Windows 10 na 11 hufunga diski kwa siri bila mwenyewe kujua. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika `manage-bde -protectors -get C:` na unakili kwa kalamu ile namba ya tarakimu 48. Kama mashine imeunganishwa na akaunti ya Microsoft, namba hiyo iko pia kwenye akaunti. Usiendelee bila namba hii kama diski imefungwa. Nakala itakuwa kamili na bado hutaingia.
2. Zima kikweli. Shikilia kitufe cha Shift huku unabofya *Arrêter*. Bila hivyo Windows hujilaza nusu, na nakala inabeba usingizi huo.

## Kunakili, hatua kwa hatua

Pakua SystemRescue, mfumo mdogo wenye ddrescue ndani yake, uiandike kwenye flashi ya kwanza kwa programu ya Rufus. Fanya hivi kwenye mashine ya mwenzako, usiichoshe yako. Ingia BIOS uzime Secure Boot, kisha washa mashine kwa flashi: F12 kwa Lenovo na Dell, F9 kwa HP. Kwenye menyu ya mwanzo kuna chaguo la kupakia mfumo wote kwenye RAM. Ukiwa na RAM ya GB 4 au zaidi, lichague. Utaweza kuchomoa flashi hiyo na kuokoa mlango mmoja wa USB.

Diski mbovu iache ndani ya laptopu, pale inapounganishwa moja kwa moja. Mpya ndiyo iwe kwenye USB. Adapta nyingi za USB huganda zikikutana na sekta isiyosomeka.

Sasa kitu kinachowakwamisha wengi hapa kwetu: kibodi zetu ni za Kifaransa, na mfumo huu unaamka ukidhani kibodi ni ya Kimarekani. Herufi A na Q zimebadilishana, mkwaju haupo ulipozoea. Amri ya kurekebisha ni `loadkeys fr`, lakini ili ionekane hivyo kwenye skrini, vidole vyako vibonyeze `loqdkeys fr`. Ukishabonyeza Enter, kibodi inarudi kuwa yako.

Kisha:

```
lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL
```

Orodha ya diski itatokea. Chukua karatasi, andika ipi ni ya zamani na ipi ni mpya, kwa jina, ukubwa na namba yake ya mfululizo (serial) iliyo kwenye lebo. Tuseme ya zamani ni `sda`, mpya ni `sdb`, flashi ya ramani ni `sdc` (za NVMe huitwa `nvme0n1`). Kwako zinaweza kuwa tofauti. Ukizigeuza, utamwaga utupu wa diski mpya juu ya data zako zote, na hakuna programu itakayozirudisha. Mwombe mtu wa pili asome karatasi yako kabla hujabonyeza.

```
mkdir /mnt/flashi
mount /dev/sdc1 /mnt/flashi
ddrescue -f -n /dev/sda /dev/sdb /mnt/flashi/ramani
```

Ya kwanza baada ya `-f -n` ni inayosomwa, ya pili ni inayoandikwa. Ramani lazima ikae kwenye flashi. Mfumo huu unaishi kwenye RAM, kwa hiyo ramani ukiiweka kwingine umeme ukikatika inapotea pamoja na kazi yote.

Awamu hiyo ikiisha, rudi kwenye sehemu zilizokataa:

```
ddrescue -f -d -r3 /dev/sda /dev/sdb /mnt/flashi/ramani
```

Skrini itakuonyesha asilimia iliyookolewa. Usihangaike na kipande kidogo kilichobaki. Asilimia 99.9 ya diski ya GB 500 inaacha nje MB 500, na mara nyingi sehemu kubwa ya hizo ni nafasi tupu. Kama namba hazisogei tena na diski inapata moto, simamisha.

Umeme ukikatika: washa tena, rudisha kibodi, endesha `lsblk` upya kwa sababu majina yanaweza kubadilishana baada ya kuwasha, unganisha flashi, rudia amri ile ile.

## Kubadilisha na kuwasha

Zima, chomoa chaja, toa betri au chomoa kiunganishi chake ndani. Toa diski ya zamani. Mara nyingi ina fremu ya bati na skrubu nne. Vihamishie kwenye mpya. Skrubu za chini ya laptopu si urefu mmoja, zipange juu ya karatasi kwa jinsi zilivyotoka, maana ndefu ikiingia pa fupi hutoboa sehemu ya kibodi.

Usiwashe na diski zote mbili zikiwa zimeunganishwa. Zina vitambulisho sawa, na Windows inaweza kuizima mojawapo au kujiandikia kwenye ile mbovu.

Rudisha Secure Boot kama ulivyoikuta. Washa. Ikiomba tarakimu 48, ndizo hizo ulizoandika. Ukishaingia, sasa ndipo ruhusa ya matengenezo inapofika, kwa mpangilio huu:

1. `chkdsk C: /f`, kisha washa upya;
2. `sfc /scannow`, ili Windows irekebishe mafaili yake yaliyoumia;
3. fungua mwenyewe mafaili yako muhimu. Faili iliyokuwa juu ya sekta isiyookolewa itakuwepo kwa jina na kukataa kufunguka. Hiyo uichukue kwenye nakala yako ya flashi.

## Ikigoma

- Inasema hakuna diski ya kuwashia. Angalia BIOS kama hali ya kuwasha (UEFI au Legacy) ni ile ile ya zamani, na kama diski mpya iko juu ya orodha. Bado? Washa kwa flashi ya Windows, fungua dirisha la amri, hakikisha herufi ya patisheni ya Windows, kisha `bcdboot C:\Windows`.
- Skrini ya buluu yenye INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Hii hutokea zaidi ukitoka SATA kwenda NVMe, au BIOS ikiwa imebadilishwa kati ya RAID na AHCI. Rudisha BIOS ilivyokuwa. Kwa NVMe, iwashe mara moja katika hali salama ili Windows ipakie dereva wake, kisha washa kawaida.
- Inazunguka tu bila kufika. Ikiwa sehemu nyingi hazikuokolewa, huenda Windows yenyewe imeumia sana. Hapo kupiga Windows upya ni sahihi, na mafaili yako tayari yako salama kwenye nakala.

## Mnayoniuliza baadaye

*Je, leseni ya Windows itapotea?* Windows 10 na 11 hufunga leseni kwenye bodi kuu. Kubadilisha diski peke yake hakuigusi. Programu chache za hesabu hutazama namba ya diski. Mpigie aliyekuuzia kabla, tatizo lisije likakukuta siku ya kufunga hesabu za mwezi.

*Nimenunua TB 1 na bado naona GB 465.* Nafasi iliyozidi iko mwishoni, haijatumika. Kwenye *Gestion des disques* kitufe cha *Étendre le volume* huwa kimefifia, kwa sababu patisheni ndogo ya urejeshaji imekaa katikati. Washa tena SystemRescue, fungua GParted. Ikiuliza kama irekebishe jedwali ili litumie diski nzima, kubali. Sogeza patisheni ndogo mwisho, kisha panua ya Windows. Fanya hivyo betri ikiwa imejaa, maana kazi hii haina ramani ya kuendelea ilipoishia.

*Niko Windows 10, nihamishe hivyo hivyo?* Hamisha. Microsoft ilisimamisha msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na kama mashine yako inakubali Windows 11 utaipandisha baadaye, juu ya diski yenye afya. Usiunganishe kazi hizo mbili siku moja.

*Diski ya zamani niifanyeje?* Iandike tarehe, iweke kavu kwa wiki chache mpaka uhakikishe hakuna faili unayoikosa. Baada ya hapo usiitupe wala kumpa mtu ilivyo: ina majina ya watu, malipo yao, pengine na nakala za vitambulisho vyao. Kama bado inasomeka, iunganishe kwa USB Windows ikiwa tayari imewaka, fungua `diskpart`, andika `list disk`, ichague kwa ukubwa wake, halafu `clean all`. Hakikisha mara mbili namba uliyochagua. Kama haisomeki tena, toboa sahani zake kwa drili mahali patatu au pane, ukiwa umevaa miwani, kwa sababu nyingine ni za kioo.